Nilivyofundishwa kazi na kinyozi wa kujipachika

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, ninunue programu gani ili katuni zangu zichekeshe?" Mdogo wangu, swali lako limenitonesha kidonda.

Miaka mitatu iliyopita nilichora jogoo mwehu, tangazo la sekunde 40. Nilijiona nimemaliza. Mteja akatazama hadi mwisho, kimya, kisha akauliza: "Sasa huyu anaanza kuchekesha saa ngapi?" Mbele za watu! Malipo ya mwanzo hakuyadai, na mimi sikumkumbusha.

Usiku ule nikafungua The Barber of Seville ya 1944, filamu fupi ya Woody Woodpecker, yule kigong'ota mwenye kishungi chekundu wa studio ya Walter Lantz. Aliyeiongoza ni Shamus Culhane. Utotoni niliichekea tu. Safari hii niliisogeza fremu moja moja, yaani picha moja baada ya nyingine. Enzi ya vita, kinyozi mwenyewe kaenda kupimwa afya ya jeshi, na Woody anajipachika ukinyozi. (Mteja wa kwanza ni chifu wa Wahindi Wekundu, na mzaha wake ni wa dharau. Huo msiuige.) Wa pili ni mjenzi. Kofia yake ya chuma haivuliki, basi inachomwa kwa moto! Kisha Woody anashika wembe na kuanza ule wimbo wa Figaro, kinyozi wa opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Rossini ya 1816. Anaimba kwa madaha, kama mtu mwenye siku nzima. Jina la Figaro likianza kurudiwa mbiombio, picha nazo zinakatwa fupi, fupi zaidi, nyingine hazifikishi hata fremu 24, yaani sekunde moja. Mjenzi wa watu kashikilia kiti.

Jogoo wangu alikuwa mwehu tangu sekunde ya kwanza. Hakuwa na pa kupandia.

Kwa hiyo acheni kuniuliza programu! Hesabuni fremu. Imba kwanza ndipo uchore. Hesabu tena. Vijana mnataka wembe na hata povu hamjapaka. Wazee hawa walichora kwa penseli, nyie mnalia kompyuta nzito.

Jogoo nilimchora upya. Siku hizi anafagia uwanja sekunde 15 nzima, anapiga mluzi, ndipo anamwona kunguru. Nilimtumia mteja yule. Tiki ziligeuka bluu siku hiyohiyo.