Nilimfokea mama wa watu kwa sababu ya chai na maandazi

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Kaka, ikifika saa tano natetemeka, nawagombeza watoto bila sababu, jioni nalia. Nifanyeje?" Dada yangu, nakujua. Wewe ndiye mimi wa msimu wa korosho wa mwaka juzi.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi, Tandahimba. Asubuhi chai ya rangi, sukari vijiko vinne, maandazi mawili. Mchana kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na jioni jingine. Ugali tulikutana saa tatu usiku.

Siku hiyo mama mmoja mtu mzima kaleta gunia lake moja tu. Mizani ikasoma kilo 61. Akasema taratibu, "Mwanangu, kwa jirani ilikuwa 64." Nikatupa kalamu. Nikamwambia, foleni nzima inasikia, akapimie huko huko kwa jirani. Hakujibu. Alijifuta mikono kwa upindo wa kitenge, akakaa juu ya gunia lake. Vijana wa kubeba wakaangalia pembeni.

Msimu uliofuata sikuitwa. Na kuna bwana pale mpaka leo akiniona ananiita Pilipili. Inaniuma, sidanganyi.

Sukari tupu kwenye tumbo tupu hupanda upesi kwenye damu, kisha kwa wengine hushuka upesi vilevile. Mwili unashtuka, unamwaga adrenalini: jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio. Wewe unadhani umekasirishwa. Na kafeini ya lile kopo la saa kumi jioni, nusu yake bado imo mwilini saa tatu usiku, ndiyo maana nilikuwa nahesabu mabati.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walitoa matokeo ya watu 67 wenye sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa. Baada ya wiki 12, kwenye kundi lililosaidiwa kubadili mlo, karibu theluthi ya watu dalili zao zilikuwa zimetulia. Kwenye kundi lililopewa watu wa kupiga nao soga, asilimia 8. Kundi dogo, sawa. Ila nilipoona orodha ya vyakula nilicheka: samaki, jamii ya kunde, mboga za majani. Si samaki wa feri na mbaazi zetu hizo?

Kwa hiyo kula asubuhi. Muhogo wa kuchemsha na mbaazi za nazi, au kiporo cha ugali na dagaa. Usiniambie huna muda, mbona wa kuperuzi simu unao? Kula kabla hujavuka mlango. Chai kijiko kimoja. Kula asubuhi! Na kama una dawa za hospitali, usiziache kwa maneno yangu.

Yule mama nilimwona stendi mwezi uliopita. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaendelea kumenya chungwa lake.