Jibu: Chumba na sebule vimejaa, nianzie wapi?

Pole dada. Umesema uko Mikindani, Mtwara, vitu vimejaa mpaka uvunguni na nguo zinanuka ukungu. Usikimbilie kununua kabati jingine. Toa vya uvunguni vyote nje juani, urudishe vile tu ulivyovigusa tangu msimu wa korosho uliopita. Vingine gawa au uza.

Huku pwani adui mkubwa ni unyevu, hasa mvua zikishaanza Desemba mpaka Aprili. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko inafaa kwa mchele, lakini ukifungia nguo humo zikiwa na ubichi kidogo tu, ukungu umeukaribisha mwenyewe. Anika mpaka pindo za kanga zikauke, ziache zipoe, ndipo ukunje. Zipange zikiwa zimesimama wima, uone zote bila kupekua. Sanduku liweke juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, hewa ipite.

Magunia matupu yatoke chumbani kabisa, panya wanayapenda mno. Na masufuria makubwa ya shughuli, kwa nini kila nyumba iwe nayo? Kubalianeni na majirani muwe na seti moja ya kuazimana.