Sindano nyekundu ndani ya chupa: imeharibika?

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Lindi mjini, tunapima mafuta ya ufuta. Tuna chupa ya iodini monokloridi ya kutengenezea kimiminika cha Wijs, kile cha kupimia mafuta yanavuta iodini kiasi gani. Jana mchana ilikuwa majimaji. Leo asubuhi, Julai hii, nimeikuta imeganda, fuwele nyekundu, nyembamba kama sindano, zimepanda ukutani mwa chupa. Niitupe?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu. Kitu hicho huyeyuka kwenye nyuzi joto 27, na mji wako umekaa palepale mpakani: mchana unapita juu, alfajiri ya Julai unashuka chini. Wakati mwingine hubaki majimaji hata chini ya 27, halafu ukigusa chupa tu kinaganda mbele ya macho yako.

Ni muungano wa halojeni mbili (elementi za familia moja), iodini na klorini, uliogunduliwa na Gay-Lussac mwaka 1814. Ulinganishe na bromini, halojeni nyingine. Molekuli zao zina uzito unaokaribiana, 162 kwa 160, lakini bromini huchemka kwenye nyuzi 59 na huu kwenye 97. Klorini huvutia elektroni upande wake, iodini inabaki na chaji chanya kidogo, basi molekuli zinang'ang'aniana. Iodini hiyo yenye chaji chanya ndiyo inayokimbilia bondi maradufu za mafuta, yaani pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili. Ndiyo maana gramu 100 za mafuta ya ufuta, yenye bondi hizo nyingi, hunywa iodini gramu 104 hadi 120, wakati ya nazi, yenye chache, hayafiki hata 11.

Vaa glavu, kaza kifuniko, iweke chupa kwenye beseni la maji ya nyuzi 35 hivi, maji yasifike shingoni. Subiri iyeyuke yote, izungushe taratibu, ndipo uchote. Tafadhali usichote kilichotangulia kuyeyuka: kama klorini imepungua humo, majimaji na fuwele havina uwiano mmoja, na kipimo chako kitapotoka.

Mimi naogopa unyevu wa pwani kuliko baridi. Mvuke wa maji ukiingia, chupa hutoa moshi wa asidi ya hidrokloriki na iodini hujitenga. Kizibo cha mpira huliwa. Tumia cha kioo. Ukiona punje nyeusi zinazong'aa zimebaki chini hata baada ya beseni, iodini imezidi. Hiyo usipimie mafuta ya mkulima yeyote.