Swala wananikimbia Saanane

SWALI: Mambo mhariri, mi niko Nyegezi, juzi nimevuka kisiwa cha Saanane, ile hifadhi ya wanyama hapa Mwanza, kupiga picha nimevaa jezi ya njano, swala wakatimka hata simu sijatoa mfukoni, nakosea wapi?

JIBU: Hiyo jezi kaka! Swala rangi nyekundu haimsumbui sana ila njano na bluu anaziona vizuri tu, vaa kahawia iliyochakaa. Ila kinachokuchoma zaidi ni upepo, mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu usiku unageuka, we rusha vumbi kidogo uone linaelekea wapi, likienda kwa mnyama ujue ashakunusa (na pafyumu je?). Kaa kwenye kivuli cha jiwe, usisimame juu yake, halafu tulia, mikono ndo inakuuza.