Mtu akiandika herufi programu inazunguka tu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Najifunza Java, nimetengeneza kaprogramu kanamuuliza mtu kiasi cha mkopo halafu kanapiga riba. Mtu akiandika "elfu tano" badala ya 5000 inakufa palepale. Nikaambiwa niweke try na catch (za kukamata makosa) ndani ya while, nimeweka, sasa ndo balaa, inaprinti "Ingiza namba tu" mfululizo wala hainipi nafasi ya kuandika tena. Nimekosea wapi?

JIBU: Catch yako haina shida, tatizo ni Scanner, ile inayosoma anachoandika mtu (hapa naiita sc). nextInt() ikikuta herufi inarusha kosa la InputMismatchException lakini lile neno hailiondoi, linabaki hapohapo, kwa hiyo lupu ikirudi juu inakutana na "elfu" ileile, inarusha tena, na tena. Dawa ya haraka weka sc.nextLine(); ndani ya catch, mstari wote mbovu unatupwa. Usiweke sc.next() maana hiyo itaondoa "elfu" tu, "tano" inabaki na mtu wako atalalamikiwa mara mbili kwa kosa moja.

Ila kwa mambo ya pesa mimi ningeachana na nextInt kabisa, nasoma mstari mzima kama maandishi ndo nageuza kuwa namba:

try {
    kiasi = Long.parseLong(sc.nextLine().trim().replace(",", ""));
} catch (NumberFormatException e) {
    System.out.println("Andika tarakimu tupu, mfano 5000");
}

Hiyo replace ni muhimu sana, watu wetu wamezoea kuandika 5,000 na parseLong haitaki koma. Nimetumia long kwa sababu int inaishia 2147483647, sasa mtu akiandika bilioni tatu kwa tarakimu safi kabisa Integer.parseInt nayo inarusha NumberFormatException ileile, unamwambia aandike tarakimu wakati ndizo alizoandika, atachanganyikiwa bure.

Halafu -5000 inapita bila kelele yoyote maana ni namba halali, hiyo ikamate kwa if ya kawaida baada ya kusoma, usisubiri catch.

Na tafadhali usiandike catch (Exception e) ili mambo yaishe. Ingizo likikata, mfano mtu kabonyeza Ctrl+D kwenye Linux, nextLine inarusha NoSuchElementException, catch yako inaimeza, na programu inaanza kuzunguka upya kama mwanzo.