Kwa nini Sholay haizeeki: niliyojifunza mlangoni mwa kibanda

Kijana akiniuliza aanze na filamu gani ya zamani, namwambia Sholay, ya Kihindi. Kisha namwekea masharti, kwa sababu nimewahi kuiona ikiharibiwa, na aliyeiharibu ni mimi.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video Malaba, upande wa Uganda, karibu na malori yanapopaki. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja, na jenereta iliyofungwa mnyororo kule nyuma kama mbwa mkali. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikaa mlangoni na kopo la pesa, na deki likiwa karibu yangu ndiye niliyelibonyeza. Wateja walikuwa madereva wanaosubiri karatasi za forodha, matanboi wao, wapagazi na vijana wa boda. Mteso, Msamia, Mganda, Mkenya, wote benchi moja, kwa hiyo VJ wetu, yaani yule anayetafsiri filamu papo hapo ikiendelea, hakutafsiri kwa Kiganda kama wenzake wa Kampala. Alitafsiri kwa Kiswahili, maikrofoni mkononi, na Kihindi hakujua hata neno la salamu. Hadithi ya Sholay alisimuliwa na mwenye duka mmoja, Mhindi wa wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972 na kurudi baadaye.

Filamu yenyewe inapita saa tatu, na petroli haikuwa ya bure. Mjomba akaniagiza: "Nyimbo zote ruka." Nikaruka. Mwanzoni kuna wimbo wa Jai na Veeru, wahalifu wawili marafiki, wakiwa kwenye pikipiki yenye kitoroli cha pembeni, wanaimba urafiki wao kama watoto waliotoroka shule. Niliupeleka mbio, picha zikakimbia bila sauti, watu wakacheka. Mwishoni Jai anapokufa mikononi mwa Veeru, wimbo uleule unarudi polepole, kwa huzuni. Tanboi mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hawa mbona wanaimba msibani?" Hakuna aliyelia, hata kimya hakikuwapo. Siku ya pili VJ akamwomba mjomba tuuache wimbo ule, yeye atalipia petroli. Tukauacha. Jioni ile dereva mmoja mnene alijifunika uso kwa kofia mpaka mwisho, na kutoka hakutaka nimwone macho.

Basi sharti la kwanza ni hilo: usiruke kitu. Hata lile tukio la mkuu wa jela, ambalo kwangu mimi ni refu mno na lingekatwa nusu nisingelikumbuka, liache lipite.

Filamu hii hulipa ilichokukopa. Tazama sarafu ya Jai. Kila penye uamuzi mgumu, Jai anairusha, na kura inaangukia upande anaoutaka yeye. Unadhani ni bahati. Akishakufa ndipo Veeru anaiokota na kuona kwamba pande zote mbili ni sawa. Siku ile ya kofia, kibanda kizima kilivuta pumzi mara moja. Sisi watoto wa vibanda tulikuwa na sheria yetu kwamba stelingi hafi. Huyu alikufa, tena kwa kuwa alijichagulia mwenyewe kubaki nyuma.

Au mtazame Gabbar Singh, mkuu wa majambazi. Inachukua karibu saa nzima kabla hujamwona, unasikia tu jina lake likitajwa kwa hofu. Anapokuja, kwanza unaona viatu vyake juu ya mwamba, mkanda unaburuzwa. Watu wake watatu wameshindwa na vijana wawili, naye anawauliza walikuwa wangapi. Bastola ina risasi sita. Anapiga tatu hewani, anazungusha, kisha anawafyatulia mmoja mmoja, na kila mara inalia tupu. Anaangua kicheko. Wanacheka nao, kundi zima linacheka. Halafu anawaua wote watatu. VJ wetu hapo hakusema chochote, aliishusha maikrofoni tu. Ndiyo tafsiri bora aliyowahi kufanya.

Ilipotoka India tarehe 15 Agosti 1975 haikuvuma siku za mwanzo. Walioiona ndio walioibeba, mdomo kwa mdomo, hadi ikakaa zaidi ya miaka mitano katika ukumbi wa Minerva, Bombay. Mazungumzo yake yaliuzwa kwenye santuri, watu wakanunua maneno matupu bila picha! Mimi hilo halinishangazi, kwa sababu ya usiku mmoja.

Tulikuwa tumefika pale Gabbar anapovamia kijiji wakati wa Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi. Bunduki iko karibu na miguu ya Thakur, yule mzee aliyewaajiri Jai na Veeru wamkamate Gabbar; vijana hao wanahitaji msaada, naye haiokoti. Amesimama tu, amejifunika shali. Vijana wanamjia juu baadaye: wewe ni mzee wa namna gani? Anaanza kuwasimulia yaliyompata. Na hapo, kabla upepo haujalipeperusha lile shali, jenereta ikakohoa na kuzima. Petroli imekwisha, na vituo vimefungwa.

Nilishika kopo nikijua watadai pesa zao. Hakuna aliyeinuka. Sauti moja gizani ikasema, "VJ, endelea." Akaendelea. Alisimama mbele ya televisheni iliyokufa, akavua koti lake, akalitupa mabegani, akaliacha lidondoke, na mikono yake ilikuwa ameificha nyuma. Aliyekuwa hajui Gabbar alimfanya nini Thakur alijua wakati ule. Akasimulia filamu iliyobaki, zaidi ya saa moja, kwa mwanga wa kibatari.

Tangu siku hiyo, kwa vijana wanaoniletea miswada yao ya filamu, nina ombi moja: nisimulie taa zikiwa zimezimwa. Ukianza kuniambia "hapa kutakuwa na mlipuko mkubwa", bado hujapata hadithi.

Na ukiitafuta Sholay, tafuta ile ndefu, anza mapema, uwe na watu, hasa mama au shangazi aliyeiona zamani. Atakuharibia mwisho, mwache akuharibie.

VJ naye aliuharibu. Kwenye kanda yetu polisi wanafika dakika ya mwisho na Gabbar anakamatwa. Usiku ule wa giza polisi hawakufika. Thakur alimuua Gabbar kwa miguu yake miwili, na kibanda kikapiga mabati kwa shangwe. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwongozaji, Ramesh Sippy, alikuwa amepiga mwisho wa namna hiyo hasa, Thakur akimuua Gabbar kwa miguu, na wakaguzi wa serikali ya India wakamlazimisha aubadilishe. VJ wetu hakuwa na njia yoyote ya kulijua hilo.