Wasomaji Wanauliza: Tuingie tena katika mradi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika Wilaya ya Chamwino. Kijiji chetu na vijiji vitano vya jirani, vingine vikiwa ng'ambo ya mpaka wa wilaya, tumealikwa katika ushirikiano wa miaka kumi wa kuinua kaya maskini kwa maji, malisho, miti na mikopo ya vikundi. Wazee wanasema wamechoka na miradi. Pampu tuliyofungiwa na mfadhili mmoja ilikufa mwaka wa pili kwa kukosa kipuri, na kilichobaki kimesimama ni kibao cha mradi. Safari hii tutapata nini cha tofauti?

JIBU: Ndugu Mjumbe, uchovu wa wazee wako una sababu, na vibao vya namna hiyo si vigeni kwetu. Hata hivyo, mkoa wetu una mfano wa muda mrefu ambao ni vema mkautazama kabla ya kukubali au kukataa, nao ni Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, iliyoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden.

Katika vilima vya Irangi, Kondoa, makorongo yalikuwa yamekula mashamba na njia. Watu walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini mifugo ilikanyaga kila kilichoota, hata mwaka 1979 Serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi, na miti pia. Lakini aliyekuwa akiishi kwa maziwa alilazimika kupeleka ng'ombe wake kwa ndugu na rafiki walio nje ya eneo hilo, na mzigo wa malisho ukawaangukia majirani ambao hawakuwa sehemu ya mpango. Ilipita miaka kama kumi ndipo ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini wakaanza kuletwa.

Kwa hiyo muda wa miaka kumi usiwatishe. Mimi ningeogopa zaidi kama mngeambiwa mitatu. Jambo la kuchunguza ni nani ameachwa nje ya makubaliano. Ng'ombe wa kiangazi hawajui mpaka wa wilaya, na kama wafugaji wanaopita kwenu hawamo katika mazungumzo, miti yenu italiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Jirani zetu wa Kiteto wamelifanya hilo: vijiji vya Orkitikiti, Lerai na Ngapapa viliunganisha malisho yao na kuyaita OLENGAPA, jina lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe. Nendeni mkawaone, ikiwezekana pamoja na mzee mmoja katika hao waliochoka.

Kuhusu miti, msikimbilie miche. Kazi ya kisiki hai, inayofanyika katika vijiji vingi vya Dodoma, inahitaji panga na kipande cha nguo kuukuu: mkulima anachagua kisiki kinachochipua shambani mwake, anabakiza machipukizi machache yenye nguvu, anayafunga kitambaa ili mwenye jembe au mchungaji ayatambue, kisha anayalinda. Mizizi tayari iko chini, na katika nchi ya mvua chache kama yetu hiyo ni akiba kubwa.

Mikopo isiundiwe mfuko mpya wenye kamati mpya. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mshirika wenu asaidie vikundi kuandika maombi yanayokubalika na kutunza hesabu. Kaya zilizomo katika mpango wa kusaidia kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nazo zisihesabiwe upya kana kwamba hakuna anayezijua.

Imebaki pampu. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kila mradi unapaswa kuwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Takeni iandikwe katika makubaliano ni chombo kipi kitakabidhiwa kisima, bei ya ndoo itapangwa na nani, na fedha za vipuri zitakaa akaunti gani. Makubaliano hayo yasomwe yote mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa sauti, kabla mwenyekiti hajatia saini.